Waliotangulia Kwenye Theluji

Januari 9, 1666, Daniel de Rémy de Courcelle, gavana wa koloni la Kifaransa huko Kanada, alitoka mji wa Quebec kwa miguu akaufuata Mto Saint Lawrence, ambao majira hayo huganda ukabeba watu na mizigo. Alitaka kuwaonyesha Wamohawk wa kusini kwamba jeshi la mfalme linaweza kuwafikia hata katikati ya baridi. Askari kama 300 walikuwa wa kikosi cha Carignan-Salières, kilichoshuka melini kiangazi cha mwaka uliotangulia. Wengine 200 hivi walikuwa walowezi walioizoea nchi. Askari walitakiwa kutembea kwa viatu vya theluji, vile vipana vilivyosukwa kwa kamba za ngozi mfano wa raketi ya tenisi. Kuvivaa hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa kuvitembelea.

Courcelle alitazamia kuongozwa na wenyeji Waalgonquin. Walichelewa. Mwisho wa Januari, akiwa kwenye ngome ya mwisho ya Mto Richelieu, gavana alichoka kusubiri akaamuru safari iendelee bila wao. Wiki tatu baadaye jeshi lilijikuta nje ya Schenectady, kijiji cha Waholanzi kilichokuwa tayari mikononi mwa Waingereza, mbali na vijiji lililokuwa likivitafuta. Wafaransa walipigana kidogo na Wamohawk waliokuwa karibu, wakanunua chakula kwa wenyeji, wakageuza. Waalgonquin waliwakuta wakiwa njiani kurudi, wakawawindia nyama. Hata hivyo zaidi ya wanaume 60 walikufa kwa njaa na baridi. Katika kurudi huko Courcelle aliwaweka nyuma ya msafara, mahali penye hatari kuliko pote, wanaume 70 wa Montreal walioongozwa na Charles Le Moyne. Hao walivaa makoti ya buluu, si sare za mfalme, na theluji waliijua.

Mkubwa wake gavana, Marquis de Tracy, alipotaka kuwashambulia Wamohawk tena mwaka uleule, alingoja vuli.

Leo katika milima iliyo kaskazini mwa mji huohuo wa Quebec, mtalii hukodi viatu vya plastiki na alumini, akafungwa mikanda, kisha akapangwa mstari nyuma ya kijana mwenye mkoba mgongoni anayewaambia wageni wake wasiharakishe. Kati ya Courcelle na kijana huyo imepita miaka zaidi ya 350, na muda mwingi katika huo watu wamekuwa wakikichukua kiatu na kumwacha aliyekitengeneza. Hapo ndipo historia ya matembezi ya theluji ya Quebec inapokuwa tamu, na hapo ndipo inapokuwa chungu.

Kwanza kiatu chenyewe. Theluji mpya ina hewa nyingi kuliko barafu. Mguu mtupu, au buti, huzama hadi gotini, na theluji ikiwa nyingi hadi kiunoni. Ukiusambaza uzito wa mwili juu ya eneo pana, mguu huzama kidogo tu. Wazo hilo ni rahisi, ila utekelezaji wake si rahisi. Kiatu kikiwa kizito, misuli ya paja huisha nguvu kabla ya saa sita mchana. Kikiwa hakina matundu, theluji hukaa juu yake na kila hatua inakuwa kuinua sepetu iliyojaa. Kisigino kikifungwa, mtu hawezi kupanda mlima. Ndiyo maana viatu vya wenyeji wa misitu ya kaskazini vilikuwa na fremu nyembamba ya mti uliokunjwa, wavu wa ngozi ndani yake, na tundu chini ya vidole ili ncha ya mguu ichovye theluji kila kisigino kinapoinuka.

Umbo lilifuata nchi. Wainnu, walioishi kaskazini mwa Saint Lawrence na kwenye rasi ya Labrador, walitengeneza kiatu kifupi, kipana, karibu duara, kinachogeuka kwa urahisi kati ya miti iliyobanana. Waojibwe wa upande wa Maziwa Makuu walikuwa na kirefu chenye ncha mbele na nyuma. Kusini fremu ilikuwa ya mti wa eshi, ambao hupasuka kwa kufuata nyuzi zake na kukunjika bila kuvunjika ukiwa bado mbichi. Kaskazini ambako eshi haioti, walitumia mti wenye gome jeupe, uleule uliowapa mitumbwi na mapaa. Wanaume walichonga na kukunja fremu. Wanawake walisuka wavu, kwa sindano ya mfupa yenye tundu katikati, na kazi yao ndiyo iliyoamua kama mwindaji atarudi nyumbani. Ngozi ya kulungu wa kaskazini, karibuu, ilipendwa kwa sababu hailegei sana ikilowa. Wasukaji hodari wa Wainnu na Wakree walibana nyuzi hata wavu ukafanana na kitambaa, tena wakatia michoro ndani ya msuko wenyewe, mahali ambapo mguu wa mvaaji haukufika.

Mmoja wa Wazungu wa kwanza kuandika kwa kirefu jinsi maisha ya juu ya viatu hivyo yalivyokuwa alikuwa padri Mjesuiti, Paul Le Jeune. Oktoba 1633 aliondoka Quebec na kundi la Wainnu kwenda kuwinda katika milima ya kusini mwa mto, akakaa nao hadi Aprili 1634. Alikwenda kujifunza lugha. Alijifunza pia kwamba moshi ndani ya hema la magome unaweza kumlazimisha mtu mzima kulala kifudifudi apate pumzi, kwamba mbwa hupita juu ya waliolala wakitafuta joto na mabaki ya chakula, na kwamba padri aliyesoma Paris huanguka mara nyingi kuliko mtoto wa mwenyeji wake, Mestigoit.

Lakini jambo kubwa katika taarifa yake ni njaa. Mwanzoni mwa msimu ule theluji haikushuka ya kutosha. Msomaji wa nchi za joto atadhani theluji kidogo ni neema. Kwa Wainnu ilikuwa balaa. Waliwinda musi, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye ukubwa wa farasi, kwa kumfukuza kwenye theluji nzito: mnyama anazama hadi tumboni, mwindaji mwenye viatu vipana anapita juu. Theluji ikiwa nyembamba, musi anakimbia na mtu analala na njaa. Padri, aliyekuja akiichukia theluji, akaishia kuisubiri pamoja nao. Methali ya pwani husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye Mto Saint Lawrence aliyepona kwa kawaida alikuwa mgeni. Miaka 25 kabla ya Le Jeune, Samuel de Champlain na watu wake walipoanzisha Quebec na kukaa ndani ya kuta zao majira yote ya baridi, kati ya watu 28 walibaki hai wanane.

Askari walichukua muda mrefu kulielewa somo. Januari 1757, karibu na Ziwa Champlain, Robert Rogers na wapiganaji wake 74 wa upande wa Waingereza walipambana na Wafaransa walioingia vitani bila viatu vya theluji, wakawa wanahangaika na magoti ndani ya theluji huku wenzao wakipita juu. Machi 13 mwaka uliofuata Rogers alirudi maeneo hayo na watu kama 180. Safari hii upande wa pili ulikuwa na mashujaa wenyeji zaidi ya mia mbili, na ofisa aliyejua kazi hiyo, Langy. Rogers alipoteza zaidi ya watu 120. Wanahistoria wa Marekani wanaviita vita hivyo viwili kwa jina la viatu, na kwa mara moja jina la vita linasema kweli kuhusu kilichoamua ushindi.

Koloni likaja kuwa la Waingereza, na baada ya miongo kadhaa viatu vya theluji vikaanza kuvaliwa kwa starehe. Mwaka 1840 Montreal ilikuwa mji wa maghala, mabenki na vijana wa Kiskoti na Kiingereza wenye kazi za ofisini. Kikundi kidogo chao, kikivutwa na Nicholas Hughes aliyepewa jina la utani "Evergreen", kilianza kukutana mwisho wa juma kutembea kwa viatu vya theluji nje ya mji. Mwaka 1843 kikajisajili rasmi kuwa Montreal Snow Shoe Club. Huenda ndiyo klabu ya kale kuliko zote za mchezo huo, na desturi zake ndizo zilizoifanya theluji kuwa mahali pa kwenda kwa hiari.

Jioni moja ya kila juma, wanachama walikusanyika, wakapanda Mount Royal, kilima cha mita 233 tu kinachoupa mji jina lake, wakiwa mstari mmoja na mienge mkononi. Mbele alitangulia kiongozi aliyechaguliwa, nyuma kabisa akawekwa mtu wa kuwakusanya wanaochelewa. Walishuka upande wa pili, wakaingia nyumba ya wageni, wakala, wakaimba, wakacheza dansi wenyewe kwa wenyewe, kisha wakarudi. Mgeni mheshimiwa alirushwa hewani na mikono ya kundi zima, mara kadhaa, na magavana wa Kanada hawakusamehewa. Sare yao ilikuwa koti la blanketi jeupe, mshipi mwekundu wa kufumwa na kofia ya sufu ya buluu. Mshipi na kofia vilitoka kwa wakulima wa Kifaransa. Koti la blanketi lilitoka kwenye biashara ya manyoya. Viatu na makubadhi ya ngozi laini yaliyovaliwa ndani yake vilitoka kwa wenyeji. Vijana wa benki walikuwa wamejivika watu wote wa nchi ile kwa mara moja, na wakajiona ndio Wakanada halisi.

Mpigapicha William Notman, Mskoti mwenye studio Montreal, aliwauzia picha za kujiona hivyo. Ndani ya studio alimwaga chumvi na kutandaza manyoya meupe sakafuni kuwa theluji. Theluji inayoanguka aliirushia rangi nyeupe kwenye kioo cha negativu. Picha hizo zilisafiri hadi London, na kwa wengi huko Kanada ikawa nchi ya wanaume wenye masharubu wanaosimama imara juu ya chumvi.

Kwenye mashindano ya mbio mambo hayakuwa matamu hivyo. Ng'ambo ya mto kutoka Montreal iko Kahnawake, makazi ya Wamohawk, na wakimbiaji wake walijulikana kwa mbio. Klabu ziliwaalika kwa sababu watazamaji walilipa kuwaona. Lakini walipangiwa mbio zao peke yao, na zawadi yao ilikuwa fedha, wakati mabwana wa klabu walipewa vikombe na medali. Kisha fedha hiyohiyo ikawa sababu ya kuwatenga: anayepokea fedha si mwanamichezo wa ridhaa. Mwaka 1873 Montreal Pedestrian Club iliandika tafsiri ya mwanamichezo wa ridhaa ambayo haikuficha kitu. Ilimwondoa aliyeshindania fedha, ikamwondoa aliyewahi kufundisha au kusaidia mazoezi kwa ajili ya riziki, na mwisho ikataja kwa jina makundi mawili yasiyostahili: kibarua na Mhindi, kama walivyowaita wenyeji. Kwa kanuni hiyo, mtu ambaye baba zake walikibuni kiatu hakuweza kushindana na karani aliyekinunua. Na mwongozaji mwenyeji wa safari, kwa kuwa hufundisha kwa malipo, alikuwa nje mara mbili.

Msimu wa fahari kubwa ulikuwa Januari 1883, Montreal ilipofanya kanivali yake ya kwanza ya baridi na kujenga kasri la barafu katikati ya mji. Klabu za viatu vya theluji zilishuka mlimani na mienge, zikalizunguka kasri na kulishambulia kwa fataki, huku waliokuwa ndani wakijibu kwa fataki. Wageni walikuja kwa treni kutoka New York na Boston. Kanivali ikarudiwa 1884 na 1885. Ya 1886 haikufanyika: ndui iliingia mjini mwaka 1885 ikaua zaidi ya watu 3,000, na mji wa Saint Paul huko Minnesota ukalichukua wazo pamoja na baadhi ya wageni. Wafaransa wa Quebec nao walianzisha klabu zao, Le Canadien ikiwa ya 1878, na mwaka 1907 wakaunda muungano. Watu wao waliohamia viwanda vya nguo vya Marekani walibeba kofia na nyimbo. Februari 1925 mji wa Lewiston, jimbo la Maine, ulipokea mkutano wa kwanza wa kimataifa wa klabu hizo.

Nani alizitengeneza jozi zote hizo? Sehemu kubwa ya jibu iko kilomita chache kutoka mji wa Quebec, kwenye maporomoko ya maji ya Mto Saint-Charles, mahali palipoitwa Jeune-Lorette na leo Wendake. Wawendat, waliojulikana pia kama Wahuroni, asili yao ni ukanda wa Ziwa Huron, ambako walilima mahindi na kukaa vijiji vikubwa. Magonjwa na vita viliivunja nchi yao katikati ya karne ya 17, na mamia kadhaa wakakimbilia Quebec mwaka 1650. Baada ya kuhamahama walitulia Lorette mwaka 1697. Ardhi ya kulima ilikuwa ndogo na baridi ndefu. Watu waliokuwa wakulima wakageuka wawindaji wa milima ya Laurentides iliyo nyuma ya kijiji, na mafundi wa kila kinachohitajika huko: viatu vya theluji, sleji, mitumbwi, makubadhi.

Kufikia nusu ya pili ya karne ya 19 kijiji kilikuwa kama kiwanda kimoja kikubwa kilichogawanywa majumbani. Familia za wafanyabiashara Wawendat, akina Vincent na Bastien miongoni mwao, zilinunua ngozi kwa wingi, zikagawa kazi kwa nyumba, zikakusanya bidhaa na kuziuza kwa jeshi, kwa makambi ya wakataji magogo na kwa klabu za michezo. Mgawanyo wa zamani ulibaki: wanaume kwenye fremu, wanawake kwenye wavu. Mtu akitaka kujua ni nani hasa waliozivalisha klabu za Montreal, awatafute wanawake hao, ambao majina yao hayamo katika kumbukumbu za karamu.

Wanaume wa Lorette walikuwa pia viongozi wa msituni. Matajiri wa Quebec na Marekani waliokodi mito na maziwa kwa klabu za binafsi za uvuvi na uwindaji waliwaajiri kubeba mizigo, kupika, kusoma nyayo na kutangulia. Kazi ilikuwa ya malipo, yenye heshima ya aina yake, na ilikuwa pia ya kumwongoza mgeni katika msitu ambao mwongozaji hakuruhusiwa tena kuwinda kwa ajili ya nyumba yake. Mwaka 1895 serikali ya Quebec ilitangaza maelfu ya kilomita za mraba kuwa hifadhi ya Laurentides. Ndani ya mipaka hiyo ilikuwemo nchi ya mitego ya Wawendat. Walinzi wakawekwa. Aliyekutwa na bunduki au mtego alishtakiwa kama jangili. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa zaidi. Hadithi ya hifadhi na wenyeji wake wanaijua kwa sura nyingine.

Jirani huko Maine, mwaka 1897, waongozaji walianza kusajiliwa kisheria, na leseni ya kwanza ilipewa mwanamke, Cornelia Crosby, mvuvi na mwandishi wa magazeti aliyejulikana kwa jina la Fly Rod. Uongozaji ukawa kazi yenye cheti. Quebec ilikwenda kwa njia yake: klabu za binafsi zilishika misitu hadi miaka ya 1970, serikali ilipozivunja na kufungua maeneo hayo kwa umma.

Wakati huo viatu vya theluji vilikuwa vimekaribia kutundikwa ukutani kama pambo la mgahawa. Skii ndiyo iliyoletwa na Wanorwe na kupendwa na vijana; treni za mwisho wa juma ziliwapeleka Laurentides, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kamba ya kuvuta watu mlimani ilikuwa ikifanya kazi Shawbridge. Skii inateleza. Kutembea kulionekana kazi ya wazee, ya warina utomvu wa mti wa mepo, na ya maaskari wa wanyamapori.

Ufufuo ulianzia mbali, upande wa pili wa bara, kwenye milima ya Cascade katika jimbo la Washington. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndugu wawili wapandaji mlima, Gene na Bill Prater, walichoka na viatu vya mti vilivyoteleza kwenye miinuko mikali na wavu uliokatwa na mawe. Wakaunda fremu ya bomba la alumini, wakaweka turubai gumu badala ya wavu, bawaba imara chini ya vidole na meno ya chuma ya kung'ata barafu. Kampuni ya Bill ilichukua jina la Washerpa, watu wengine wa milimani ambao ujuzi wao umekuwa chapa ya biashara. Gene akaandika kitabu cha mwongozo mwaka 1974. Kufikia miaka ya 1990 vilikuwepo viatu vya plastiki vya kipande kimoja, vyepesi na vya bei nafuu, ambavyo mtu angeweza kuvijua kwa nusu saa. Umati ukarudi.

Umati huo ulirudi pia kwenye bonde la Mto Jacques-Cartier, kama nusu saa kwa gari kutoka mji wa Quebec. Ni bonde lenye kuta ndefu zilizochongwa na barafu ya kale, na lilikuwa sehemu ya hifadhi ile ya 1895. Mwaka 1972 kampuni ya umeme ya jimbo ilitaka kulijaza maji kwa mradi wa Champigny. Wananchi walipinga hadi mradi ukaachwa, na 1981 likawa hifadhi ya taifa ya Quebec yenye jina lake. Mwaka uliofuata tu, ndugu wanne Wawendat wa ukoo wa Sioui walikamatwa humo kwa kukata miti, kupiga kambi na kuwasha moto mahali pasiporuhusiwa. Hawakukana. Walisema wanafanya mila za baba zao, na wakatoa karatasi.

Karatasi hiyo ilikuwa ya Septemba 5, 1760, siku tatu kabla Montreal haijasalimu amri kwa Waingereza. Jenerali James Murray aliisaini kuwahakikishia Wahuroni wa Lorette usalama, dini yao, mila zao na uhuru wa kufanya biashara. Serikali ya Quebec ilisema ni hati ya kupitia njia tu. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo Mei 24, 1990 iliamua kwamba ni mkataba, kwamba haujafutwa, na kwamba mila hizo zinaweza kutekelezwa ndani ya hifadhi pasipo kuharibu makusudi yake. Ndugu wale wakaachiwa. Tangu hapo mtalii anayekodi viatu kwenye kituo cha wageni anatembea juu ya ardhi ambayo mahakama imekubali kuwa ina wenyewe, ingawa ramani anayopewa ni ya vijia na vibanda vya kuotea moto.

Wendake sasa ina hoteli, jumba la makumbusho na kijiji cha maonyesho, na humo mgeni anaweza kumwona fundi akikunja eshi. Karakana za hapo zinatengeneza viatu vya mti na vya alumini. Katika mji wa Quebec zipo pia familia zilizohamia kutoka Kongo na Burundi, baadhi zikizungumza Kiswahili nyumbani, na wapo watoto wao wanaokutana na viatu hivi kwa mara ya kwanza kwenye safari ya shule, wakijikanyaga vilevile kama padri Le Jeune.

Kazi ya mwongozaji imebadilika kuliko viatu. Zamani alijua njia na nyama. Leo simu ya mgeni inajua njia, na nyama iko kwenye mkate. Kinachobaki kwa mwongozaji ni mwili wa mgeni na tabia ya theluji. Hupunguza mwendo mwanzoni, kwa kuwa atakayetoa jasho saa ya kwanza atatetemeka saa ya tatu. Huwavua watu koti kabla ya mlima na kuwavisha kabla ya mapumziko. Hubadilisha anayetangulia, kwa sababu kukanyaga njia mpya kunachosha mara kadhaa kuliko kuifuata. Huangalia mwendo wa kila mmoja: anayeburuza miguu au kuipanua mno atavimba kano za mbele ya mguu, maradhi ambayo wabeba manyoya wa Kifaransa waliyajua vizuri hata wakayapa jina la kiatu chenyewe.

Penye miinuko mikubwa liko jambo jingine. Usiku wa mwaka mpya, Januari 1, 1999, theluji iliporomoka juu ya shule ya Kangiqsualujjuaq, kijiji cha Wainuit kaskazini mwa Quebec, watu wakiwa ukumbini wakisherehekea. Walikufa tisa. Hadi hapo watu wengi wa jimbo hilo waliyahesabu maporomoko kuwa tatizo la milima ya magharibi. Uchunguzi uliofuata ulizaa kituo cha kutabiri maporomoko, kilichowekwa Sainte-Anne-des-Monts, chini ya milima ya Chic-Chocs katika rasi ya Gaspésie. Milima hiyo ni mwendelezo wa safu ileile ya kusini mwa Saint Lawrence ambako Le Jeune alisubiri theluji ishuke, na baadhi ya vilele vyake hupita mita 1,000. Desemba 2005 shirika la hifadhi za Quebec lilifungua huko nyumba ya wageni mlimani, mita 615 juu ya bahari, ambayo wageni hupelekwa kwa gari la theluji, kisha kila asubuhi hutoka kwa skii au viatu vya theluji wakiwa na mwongozaji.

Kabla ya kutoka, mwongozaji husoma taarifa ya kituo. Humfunga kila mgeni kifuani kifaa cha kurusha mawimbi, na kwenye mkoba huwemo koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji, kwa kuwa aliyefunikwa hupata nafasi kubwa ya kuishi akitolewa ndani ya dakika 15 hivi za kwanza. Mlimani huchimba shimo, huzitazama tabaka za theluji, hupima mwinamo. Ule wa kati ya nyuzi 30 na 45 ndio unaoporomoka zaidi. Mara nyingi jibu lake ni hapana, na wageni waliolipa fedha nyingi huzungushwa msituni, kwenye miti, mahali pasipo na mandhari.

Upande wa pili wa milima hiyo kuna mahali ambako jibu ni hapana kwa kila mtu. Mlima Jacques-Cartier, wenye mita 1,268, hufungwa majira yote ya baridi. Juu yake wamebaki karibuu wachache, kundi la mwisho kusini mwa Saint Lawrence, na mtu akipita karibu nao wakati huo huwakimbiza na kuwamalizia nguvu walizojiwekea hadi majani yarudi. Ngozi ya mnyama huyo ndiyo iliyopendwa na wasukaji wa viatu. Njia ya kwenda kileleni hufunguliwa mwishoni mwa Juni, na wanaoipanda huvaa buti za kawaida.